Bosi Tesha na Kigari Kilicholala Chini

Mtaani kwetu hakuna fundi mjanja kama mimi Mwinjuma, anayebisha aje. Bosi Tesha, mwenye maduka ng'ambo ya barabara, kila siku aliegesha kigari chake kwenye kivuli, mbele ya lango la gereji yangu. Wateja wakakosa pa kuingilia, njaa ikaanza kunizoea. Nikimwomba asogee, ananiuliza, "Unanijua mimi?" Alijenga hata tuta mwanzo wa kichochoro cha kuingilia gereji yangu, bodaboda zisimtimulie vumbi.

Siku moja nikamwambia, "Bosi, hela unazo, lakini gari lako limesimama kama kuku aliyenyeshewa."

"Wewe! Gari langu?"

"Lishushe springi, livishe na bodikiti, yale mapambo ya plastiki yanayoshusha bampa hadi karibu na ardhi. Vijana watalipigia saluti."

"Basi nataka lilale chini kuliko yote mjini!"

Nikampeleka kwa binamu yangu, gereji ya barabara kuu, nje ya lile tuta. Jioni Bosi akarudi akipiga honi, mtaa mzima ukatoka kushangilia. Kwenye tuta lake, bampa ikakwama kwaa!

"Fundi, lipandishe hili gari!"

"Mbele ya watu wote hawa wanaokupigia makofi, bosi?"

Akawatazama, akatabasamu kwa shida, akarudi kinyumenyume. Siku hizi anaegesha juani, mbele ya maduka yake. Kivuli nimekikalia mimi.