Nakala za Mhandisi Ndeshi

Soma hii polepole, kisha mpelekee mtu ambaye hujawahi kumshukuru.

Dakta Kisamo, mkuu wa hospitali moja huko milimani, alikuwa na kero moja: kompyuta za Mhandisi Ndeshi. Programu inayotunza taarifa za wagonjwa ilikuwa kwenye kompyuta kubwa, ndani ya chumba kilichofungwa nyuma ya mapokezi. Lakini Ndeshi aliweka nakala zake kwenye kompyuta nyingine mbili, moja wodi ya wazazi, moja nyuma ya jiko. Kilichoandikwa kwenye moja kiliingia zote papo hapo. Na kila Ijumaa alizima moja makusudi, aone kama zilizobaki zitaendelea na kazi.

"Huyu dada yuko sawa kweli?" wauguzi walitaniana.

Siku moja Dakta Kisamo alitafuta nafasi ya vitanda, akakosa. Uvumilivu ukamwishia.

"Ndeshi, niondolee hayo makopo yako mawili. Ile kubwa inatosha. Haijatuangusha hata siku moja!"

"Sawa, Daktari. Ila twende kwanza tukaione hiyo kubwa."

Walipofungua mlango, harufu ya plastiki iliyoungua iliwapokea. Kompyuta kubwa ilikuwa nyeusi tii.

"Ilipigwa na radi Jumanne asubuhi," Ndeshi alisema. "Naisubiri nyingine."

"Jumanne?"

Daktari alikumbuka. Jumanne mchana, mvua ikipiga mabati, mama yake mzazi aliletwa hajitambui, damu ikimtoka. Muuguzi alitazama kwenye skrini, akaona kundi lake la damu na ile dawa inayomdhuru. Wakamtibu bila kubahatisha, akapona.

"Kwa hiyo taarifa za mama zilitoka wapi?"

"Nyuma ya jiko, Daktari."

"Mbona hukuniambia kwamba kubwa imekufa?"

"Nilikutumia ujumbe. Ulijibu, 'Poa.'"

Dakta Kisamo akacheka, na machozi yakamtoka palepale. Akamshika Ndeshi mikono yote miwili.

"Mama yuko nyumbani sasa hivi, anagombana na wajukuu. Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Kompyuta zile hazikuguswa tena. Na vile vitanda? Vilipata nafasi ofisini kwake Daktari, yeye akahamia chumba kidogo nyuma ya jiko.

Funzo: Mambo yako yakienda bila kukwama, usidhani hakuna aliyehangaika, mtafute aliyejiandaa kwa ajili yako, umshukuru.