Mashine si Sufuria

Wewe mwenye kitenge cha njano, acha kutikisa kichwa. Sijasema neno hata moja na wewe umeshakataa. Najua unachonong'ona hapo: bibi aliyeishia darasa la nne, habari za injini kazijulia wapi? Akisimulia mwanamume humu kanisani kwamba kaona chatu kameza ng'ombe, unaitikia amina. Mimi nikitaja pampu ya maji, unaguna. Basi guna, lakini masikio yaache wazi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyelima vitunguu bondeni. Maji aliyavuta mtoni kwa pampu ya petroli, ile ndogo ya kubeba, unavuta kamba inanguruma. Vitunguu vilikuwa vinaanza kutunga vichwa, na nyie mnaolima mnajua: kitunguu kikikosa maji wakati ule, umevuna majani. Asubuhi moja akavuta kamba, pampu ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta mpaka bega likauma. Kimya.

Fundi alikaa mjini. Akampigia simu. "Nakuja kesho, mama." Kesho ikafika peke yake. Akampigia tena. "Niko msibani, mama, kesho asubuhi kabisa." Mafundi mnawajua. Kesho yao haina jua la kuchomoza. Na huku matuta ya juu, yale ya karibu na njia, yameanza kulala kwa kiu.

Mwanamke akatoa spana za marehemu mumewe, akailaza pampu mkekani, uani kwake.

Majirani ambao hawaji hata kuomba moto, siku hiyo walikuja. Mmoja akaegemea ukuta, mikono mfukoni.

"Shemeji, mashine si sufuria."

"Na wewe sufuria uliosha lini, hata ukajua tofauti?"

"Utaiua. Mngoje mwenye kazi yake."

"Imeshakufa. Nitaiua mara ngapi?"

Nawauliza, hapo mwenye akili alikuwa nani? Msijibu haraka.

Maana yule mama hakuwa mjinga. Alijiwekea sharti. Kile anachokiona kinavyoingia na kutoka, atakifungua. Zile boliti kubwa za kichwani mwa injini hatazigusa, kwa sababu hajui kilicho chini yake. Na kila alichofungua alikilaza mkekani kwa mstari, cha kwanza mwanzo, cha mwisho mwisho, ili wakati wa kurudisha aanzie pale alipoishia. Alipomaliza kufungua akachukua ndoo, akaenda kwanza kuyapa maji yale matuta yaliyolala.

Huku nyuma mkamwana akarudi kutoka sokoni. Binti aliyelelewa, huyo. Akakuta mkeka wa wageni umejaa vyuma vyeusi vinanuka petroli. Nyie mngefanya nini? Na yeye akafanya hivyo hivyo. Akaviosha. Sabuni, maji, brashi ya kufulia. Kisha akavipanga kichanjani pamoja na sahani, vikubwa chini, vidogo juu, vinang'aa.

Mama mkwe anarudi, mstari wake haupo. Yule wa ukutani amecheka mpaka amekaa chini.

"Mkwe, nani kakufundisha haya?"

"Ni wewe, mama. Ulisema chombo kichafu hakilali uani."

Kweli alisema. Binti akaongeza kwa woga, "Ila kile kikombe kidogo kilinitesa. Chini kilikuwa na tope, na katundu kake kameziba, nikakazibua kwa unyoya wa kuku."

"Tope?"

"Tope, mama, na maji."

Mahali petroli inapopita kwenda kuwaka, palijaa tope. Injini ilikuwa na kiu kama vitunguu.

Wakavianika vile vyuma mpaka vikakauka. Kurudisha ndiko kulikuwa vita. Mstari umepotea, lakini mikono iliyoosha inakumbuka. "Hiki kilikuwa na duara la mafuta, mama, kinakalia kile." Wakafunga, petroli ikavuja. Wakafungua. Wakafunga, kijiringi kimoja kikabaki mkononi. Wakafungua tena, mmoja akimlaumu mwenzake. Mwishowe mama akavuta kamba, pampu ikanguruma, na yule wa ukutani akakumbuka ana mbuzi wa kufungua malishoni.

Fundi alikuja maji yakiwa yameshafika kwenye mifereji.

"Nani kaigusa hii?"

"Sisi."

"Na kichwa mlifungua?"

"Hatukijui. Hatukukigusa."

Akarudisha spana zake mkobani, akaomba maji ya kunywa.

Naona wewe wa njano unatabasamu. Umedhani imeisha vizuri. Matuta ya juu yalikufa, yote, na ndoo haikuyasaidia. Sasa niambieni yaliuawa na nani. Yaliuawa na mwanamke aliyefungua asichokisomea? Yalikufa siku zile za kungoja, pampu ikiwa nzima kwa nje na haijaguswa na mtu.

Tuje kwetu sisi. Ng'ambo ya barabara, pale kwenye mlango wa bluu, anakaa Namkunda. Jumapili iliyopita polisi walimchukua mwanawe mbele ya macho yetu, tukitoka humu humu kanisani. Tangu hapo nani kakanyaga uani kwake? Tumesema mwinjilisti yuko semina, akirudi atakwenda yeye, yeye ndiye mwenye maneno. Tumesema mama wa mtoto aliyekamatwa hatujui tumwambie nini.

Sawa, hatujui. Mimi pia sijui. Kijana kaiba au hakuiba, hiyo ni boliti ya kichwani, usiishike. Lakini ndoo yake ina maji? Ng'ombe wake kakatiwa majani na nani? Uwanja wake haujafagiwa, nauona kila nikipita, na nyie mnauona. Fungua hapo.

Nasikia mtu huko nyuma anauliza, "Bibi, na tukisema neno baya?" Utalisema. Petroli itavuja. Utamwambia, "Dada, hapo nimekosea," utafungua, utafunga upya. Namkunda hatakufa kwa neno lako lililopinda. Anakufa kwa huu usafi wetu wa kutokugusa.

Mungu hakutupa mikono ili tuikunje mapajani tukimngoja fundi. Anayesema alitupa kwa kazi hiyo, anionyeshe.

Nimemaliza. Wimbo wa mwisho mtauimba wenyewe. Ufagio wangu uko hapo nje, nimeuegemeza ukutani tangu nilipofika. Naenda kwa Namkunda. Anayekuja, anyanyuke. Anayebaki kumngoja mwinjilisti, akae vizuri. Mlango naufunga, vumbi la ufagio lisimfikie.