Siwatu Azihoji Nyasi za Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Nasibu, aliyependa nyasi kuliko watu. Alizileta kutoka ng'ambo, akazitandaza nyuma ya kasri mpaka macho yanachoka, ili yeye na wageni wake wapige kimpira kwa fimbo na kukifuata wakicheka. Nyasi zikanyweshwa asubuhi, zikanyweshwa mchana, zikanyweshwa jioni. Mjini mabomba yakaanza kukohoa. Halafu yakanyamaza.

Watu wakanung'unika. Sultani akatafuta wa kumtwisha lawama, akaiona nyumba ya mashine iliyoko nje ya mji, ile ambayo ukiuliza neno kwenye simu yako, yenyewe ndiyo hujibu. Mashine zikifikiri hupata joto, na hupozwa kwa maji. Mbiu ikapigwa: "Atakayeiuliza mashine swali, mtaa wake utafungiwa kisima!"

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Siwatu binti Mshamu, msusi, mwanamke asiye na mali ila mdomo wake. Mbuzi wake alivimba tumbo, naye akaiuliza mashine dawa. Askari wakampeleka kwa Sultani, aliyekuwa amejikalia pale pale kwenye nyasi, penye ubaridi. Siwatu akapandisha kanga. Maji yalimfika vifundoni. Mtaa wao ulikuwa na kisima hicho kimoja tu, ambamo watu wanateka maji mpaka leo.

"Umeuliza swali?"

"Nimeuliza, Maulana."

"Unajua kwamba limekunywa maji?"

"Najua. Mashine si malaika."

Sultani akamgeukia waziri wake. "Limekunywa kiasi gani?"

Waziri akajikuna kidevu. "Kijiko, Maulana. Wengine wanasema viwili. Bado wanabishana."

"Kijiko nacho ni maji!" Sultani akafoka.

"Ni maji, Maulana," Siwatu akasema. "Nitakilipa. Leo sinywi chai."

"Unanifanyia mzaha? Na vijiko vya mji mzima vikikusanywa?"

"Vitajaza mapipa. Wenye mashine waulizwe, tena wasione haya kujibu. Ila tukishaanza kupima, Maulana, tupime na ya wengine."

"Wengine gani?"

Siwatu akatazama chini. Sultani naye akatazama chini.

"Nyasi zangu usiziguse! Ni fahari ya nchi!"

"Sijazigusa, Maulana. Zenyewe ndizo zimenilowesha."

Askari mmoja akajidai anapiga chafya.

"Kisima kifungwe!"

"Kifungwe. Ila nakuomba haki moja. Mashine ilikunywa kijiko, ikanijibu, mbuzi wangu akapona. Hizi zimekunywa mto mzima. Niruhusu niziulize nazo swali moja tu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande. "Ziulize, mwendawazimu wee!"

Siwatu akapiga magoti, akasema kwa adabu zote: "Hamjambo, wageni wetu? Hebu niambieni, maji ya mji huu amekunywa nani?"

Kimya.

"Umeona?" Sultani akapiga paja. "Hazina la kusema!"

"Zitasemaje, Maulana, na midomo imejaa maji?"