Ngazi za Kanisa la Roma

Hapo zamani, wala si za mbali, palikuwa na mwalimu mstaafu wa Kilema, Bi Restituta. Miaka arobaini alifundisha jiografia, na miaka yote hiyo alitamani kuuona mji wa Roma. Hatimaye akapata safari, yeye na mdogo wake, Apolinaria.

Wiki moja kabla, daktari alimwambia mbele ya binti yake, Fortunata, "Moyo umechoka, mama. Vilima na ngazi, marufuku."

Walipotoka nje Restituta akamshika binti yake mkono. "Niapie hutamwambia mtu."

Fortunata akaapa.

Roma walipokewa na Deusdedit, mtoto wa kaka yao, afanyaye kazi huko. Alikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Wakaona chemchemi, wakaona magofu, Restituta akicheka kama msichana. Mchana wakafika kwenye kanisa lenye kuba refu. Foleni ya lifti ilizunguka uwanja mzima.

"Tupande kwa miguu, shangazi," Deusdedit akasema. "Tukingoja lifti, patafungwa."

Wakapanda, Deusdedit mbele, Apolinaria nyuma. Pale njia inapobana, Restituta akasimama, akageuka. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

"Dada, turudi."

"Usinirudishe, Apo. Nakuomba."

Apolinaria aliogopa, tena sana. Lakini hakuwahi kumwona dada yake akiomba kitu. Akamwekea kiganja mgongoni, akamsukuma.

Huko juu Restituta alishika chuma cha ukingo, akayatazama mapaa. "Kumbe ni mekundu hivi," akasema. Akaketi. Hakuinuka tena.

Jeneza lilipofika Kilema, mumewe, Mzee Lasway, akawaita Fortunata, Deusdedit na Apolinaria. "Nani kaniulia mke?"

"Mimi, baba," akasema Fortunata. "Nilijua, nikanyamaza."

"Mimi, mjomba. Sikujua kitu, lakini mzee wa miaka sabini nilimpandisha ngazi mia tano. Nilikuwa na haraka," akasema Deusdedit.

Apolinaria akasema, "Wao hawakumwona, shemeji. Mimi nilimwona anakufa. Angerudi, angelilia Roma mpaka mwisho wake. Nikamsukuma."

Mzee akasema, "Mmoja wenu hatatia udongo kaburini. Amueni wenyewe."

Padri alikwisha kuvaa. Wachimbaji walisimama na makoleo yao. Watatu hao walikuwa bado hawajaamua.

Basi nyinyi mliowasikia, semeni: nani alistahili kubaki nyuma, mikono mitupu?