Dume la Kwabada

Sogeeni karibu, ila asije mtu hapa akitarajia arusi mwishoni. Leo sina.

Kwabada walikuwako ndugu watatu. Semboja, mkubwa wao, alikuwa na jicho: mpapai ungali na matumba tu, yeye anakwambia huu dume, huu jike. Mbelwa alikuwa na miguu, wala hakuna mlima uliomchosha. Zaituni, kitindamimba, alikuwa na mkono; hata kifaranga mgonjwa akikishika kilitulia.

Watu wa Kwabada waliishi kwa mapapai, na walikuwa na desturi yao. Mpapai ukitoa vikonyo virefu vya maua, wanajua ni dume, wanaufyeka. "Dume halizai, la nini kulilisha?" Wakabakiza dume moja tu kisimani, likawa baba wa mipapai yote ya kijiji. Mapapai yakawa matamu, yanafanana kama mayai ya kuku mmoja, nao wakajisifu. Wajinga sisi binadamu! Mipapai iliyofanana kwa utamu ilifanana na kwa udhaifu. Ulipoingia ugonjwa wa kukunjamana majani, haukukuta mashambani hata mmoja wenye damu tofauti wa kuuhimili. Ikafa yote, na baba yao pia.

Ukabaki mmoja nyuma ya jiko la mama yao, Mamhina, ulioota kwa mbegu ya papai la mgeni. Ulichanua, maua yakapukutika. Mamhina akachukua panga. Semboja akamshika mkono.

"Mama, usikate. Huu ni jike. Umekosa mume tu."

Mbelwa akaondoka siku hiyo hiyo. Milimani nako mipapai ilikuwa inakufa. Akakuta dume moja linanyauka, akachuma maua yake, akayafunga kwa jani bichi la mgomba, akarudi mbio yasije yakakauka njiani.

Zaituni akapanda ngazi. Akagusisha ua kwa ua, taratibu, akayafunika kwa kitambaa. Yote yakaanguka isipokuwa moja, likawa papai.

Wakapanda mbegu zake zote. Ugonjwa ukarudi, ukala miche, ukala na mpapai mama. Ukabaki mche mmoja, wenye damu ya pande mbili. Hapo ndugu wakagombana: wangu mimi, wangu mimi, mpaka wakanuniana.

Kisha ukachanua. Vikonyo virefu. Dume.

Zaituni alilia kama aliyefiwa.

"Ukatwe," Semboja akasema. "Tupande muhogo, watoto wana njaa."

"Nipeni maua nikatafute jike," akasema Mbelwa.

"Wapi, kaka?" Zaituni akauliza.

"Sijui. Popote."

"Tuungoje," akasema Zaituni. "Huenda mbegu ya zamani ikaota hapa, ikawa jike."

"Tutangoja mpaka lini, mdogo wangu?" Semboja akamuuliza.

Wakamtazama mama yao.

"Mwenye mti ndiye anayeamua," akasema Mamhina. "Bila Semboja ningemkata mama wa mti huu. Bila Mbelwa usingekuwa na baba. Bila Zaituni wazazi wake wasingekutana. Nitampa nani, wanangu? Mimi nimeshindwa."

Nami nimeshindwa, ndiyo maana nimewaita. Atakayepewa ataukata, au atazunguka na maua yake duniani, au ataungoja. Na hivi tunavyoongea, maua yake yanaanguka. Je, wewe ungempa nani?