Mkurugenzi wa Mchanga

Palikuwa na pwani iliyoishiwa mchanga. Mawimbi makubwa ya upepo wa kusi yaliukokota wote hadi ndani ya maji, yakaurundika huko ukawa fungu, na ufukweni yakaacha mawe matupu. Bi Kasa alikuwa na mayai tumboni, siku zimekaribia, na hana pa kuchimba.

Bwana Simba, ambaye kiburi chake hakikukauka hata mwaka wa ukame, akatangaza kazi: Mkurugenzi wa Mchanga. Sungura, aliyekaa misimu mitatu akiyasoma mawimbi huku digrii yake ikiota ukungu, akaenda kwenye intavyu. Akaeleza kwamba kusi likitulia, mawimbi madogo yatauchota mchanga upande wa bahari, yaupandishe mgongoni mwa fungu, yaudondoshe upande wa pwani, punje kwa punje, mpaka fungu lenyewe lifike ufukweni. Kinachotakiwa ni subira tu.

"Yaani mimi nisubiri vijiwimbi?" Simba akauliza. "Acha barua yako. Tutakuita."

Kazi akapewa Fisi, shemeji yake. Fisi alikuwa na eksipiriensi: ya kula. Akaagiza kila nyumba itoe mtungi wa nyama kavu kwa ajili ya vibarua. Vibarua hawakuonekana. Maji yalipokupwa, akaibeba mitungi hadi kwenye fungu, akaizika upande wa bahari, ambako aliye pwani haoni, akarudi kulala.

Bahari ikatulia. Fungu likaanza kusogea. Fisi akaandika ripoti.

Sungura akampitia, akamwambia fungu hilo linatembea.

"Linatembea kwa amri yangu, kijana. Wewe nenda kajitolee mahali, upate uzoefu."

Siku ya sherehe, fungu limeshagusa ufukwe, Simba akataka kulikagua mwenyewe. Fisi akatangulia akihutubia: kila punje imepita kwa amri yake. Walipofika upande wa bahari, hotuba ikakatika. Mitungi ilisimama pale pale ilipozikwa, mchanga umeihama, na wa mbele ulikuwa na alama ya kucha za Simba, ule uliotoka nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mkurugenzi," Sungura akasema. "Kama mchanga umeuhamisha wewe, mitungi umeifukua wewe. Kama si wewe, nani tunampongeza leo?"

Fisi, anayecheka hata msibani, akakosa kicheko. Akanong'ona kwamba ni vijiwimbi. Hilo ndilo neno la kweli pekee alilotamka tangu aajiriwe, na ndilo lililomfukuzisha kazi na pwani.

Bi Kasa hakungoja hukumu. Alikuwa ameshaanza kuchimba, na nyuma yake mawimbi madogo yaliendelea na kazi bila barua ya uteuzi.

Bandu bandu huisha gogo.