Mrushaji Aliyepokea Kombe kwa Mkono wa Kushoto

Ukiwa na watu chini yako, isome hii hadi mwisho.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu palikuwa na timu ya besiboli, ule mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwenzake huupiga kwa gongo. Kocha wake aliitwa Mbwilo. Mrushaji wake alikuwa Tulizo, kijana mpole asiyejua kukataa.

Warushaji wengine hupumzishwa mechi moja au mbili. Tulizo hakupumzishwa. Mambo yakienda kombo, Kocha Mbwilo alimwita yeye tu. Msimu ulipokwisha, hapakuwa na mrushaji katika ligi nzima aliyewahi kucheza mechi nyingi kiasi hicho kwa msimu mmoja, na kocha alitembea kifua mbele.

Siku ya zawadi uwanja ulifurika. Kocha alishika kipaza sauti akajisifu. "Wengine wana wachezaji. Mimi nina chuma."

Mgeni rasmi, mzee wa heshima zake, akatoa kombe. Tulizo akalipokea kwa mkono wa kushoto.

Watu wakaguna. Mzee akalichukua tena kombe, akalirudisha kifuani pake. Kocha akaona aibu, akamkaripia mbele ya wote.

"Tulizo, hukufunzwa adabu? Mkono wa kulia una kazi gani?"

Kijana aliukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akajaribu kuunyanyua. Ulifika kiunoni, ukaanguka.

Mama yake akasimama katikati ya watu.

"Msameheni, baba zangu. Adabu nilimfunza. Ni wiki ya tatu sasa namvalisha shati mwenyewe, na ugali namlisha kama mtoto."

Kocha akahisi uso unamuwaka. Alisogea karibu na Tulizo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, kocha. Ukasema bega haliumi, linazoea."

Mbwilo akakumbuka. Aliyasema maneno hayo huku akicheka, na wachezaji wote walicheka naye. Sasa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Alikiweka chini, akatoka uwanjani akipita pembeni, asionane macho na yule mama.

Kesho yake alimpeleka Tulizo hospitali. Daktari akasema mkono utapona, wa kulimia na kulia chakula, lakini si wa kurushia mpira tena. Kocha akaenda kwa mama Tulizo kuomba radhi. Alikaribishwa kiti, akapewa chai. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kikombe kilimpoa mkononi.

Msimu uliofuata alifundisha warushaji wanne, na kila mmoja alimuuliza hali kabla ya kumpa mpira. Siku moja kocha wa timu ngeni akamfuata kwa furaha, akampa mkono.

"Kumbe wewe ndiye uliyemkuza yule mrushaji aliyecheza mechi nyingi kuliko wote?"

Mbwilo akatazama chini.

"Mimi ndiye niliyemmaliza," akasema.

Funzo: Asiyekataa ukimwita si kwamba haumii, mjulie hali kabla hujamsifu, maana sifa haziponyi mkono.